Jina la kampuni ya programu ya hesabu za maduka: tubaki na lipi kati ya haya matano?

kaunta_na_daftari

Habari wakuu. Tuko watatu, tunaanzisha kampuni ya kutengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za maduka madogo: mauzo ya siku, madeni ya wateja, mzigo uliobaki rafuni. Mwaka wa pili au wa tatu tunataka kuongeza malipo na mikopo midogo. Watumiaji wa kwanza ni wasemaji wa Kiswahili, ila hatutaki kuishia hapo.

Majina yaliyobaki mezani ni Hesabu Rahisi Solusheni, KJM Teknolojia (herufi za majina yetu), Rahisoft, Mizani na Korongo. Mimi naegemea Mizani. Mwenzangu mmoja anang'ang'ania Hesabu Rahisi kwa sababu mteja akilisikia tu anajua tunauza nini. Wa tatu anataka Korongo, anasema ndege mwenye shingo ndefu atatoa nembo nzuri.

Naomba msaada kwenye mambo matatu. Lipi lina nguvu? Msajili wa makampuni akilikubali, tumemaliza? Na tufuate mpangilio gani ili tusije tukachapisha vitu halafu tukalazimika kubadilisha?

---

alama_na_sheria

Mkuu, naanza na swali la pili kwa sababu ndilo linaloumiza wengi. Hapana, hamjamaliza. Msajili wa makampuni anaangalia daftari lake tu: je, kuna kampuni nyingine yenye jina hili au linalokaribiana nalo mno? Kama hakuna, anatoa cheti. Kuchunguza kama jina hilo tayari ni alama ya biashara ya mtu mwingine kwa kawaida si kazi yake. Ndiyo maana mnaweza kuwa na cheti halali ukutani na bado ikaja barua ya wakili inayowataka muache kulitumia jina kwenye bidhaa.

Kuna vitu vinne hapa na watu huvichanganya. Jina la kampuni ndilo lililo kwenye cheti na mikataba. Jina la biashara ndilo mteja analoliona, na si lazima lifanane na la kwanza. Alama ya biashara ni haki ya kumzuia mwingine asitumie jina hilo au linalofanana nalo kwa bidhaa za aina yenu. Kikoa cha tovuti ni anwani tu, kukinunua hakukupi haki ya jina. Kila kimoja kina daftari lake.

Sasa nguvu ya jina. Sheria za alama hulipima jina kwa umbali wake kutoka kwenye kitu kinachouzwa. Jina la kitu chenyewe, mfano "Programu ya Hesabu", halimilikiwi na mtu. Linalofuata ni jina linaloeleza sifa, na hapo ndipo ilipo Hesabu Rahisi: kila mshindani wenu ana haki ya kusema programu yake inarahisisha hesabu, kwa hiyo ofisi ya alama itawakatalia au itataka ushahidi wa miaka ya matumizi. Juu yake kuna jina linalodokeza bila kutaja, ndiyo Mizani. Kisha neno la kawaida lililohamishwa mahali pasipo pake, kama Apple kwa kompyuta au Korongo kwa hesabu. Juu kabisa ni neno la kubuni, kama Kodak ya mwaka 1888 au Xerox. Kadiri unavyopanda, ulinzi unakuwa mkubwa, lakini na kazi ya kumfundisha mteja jina lenyewe inakuwa kubwa vilevile.

Solusheni na Teknolojia hayaongezi chochote. Majina yakilinganishwa, maneno kama hayo yanawekwa pembeni, kinachopimwa ni kiini. Wala kutumia lugha nyingine si kinga. Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao uliotoka mwaka 1983, ni neno letu la kila siku. Kwa mnunuzi wa Uingereza halikuwa na maana yoyote, likawa alama imara. Lipeleke kwenye kampuni ya ujenzi mbele ya msemaji wa Kiswahili, linageuka kuwa maelezo matupu.

Mizani nalipenda, lakini tayari ni jina la vipodozi vya nywele vya L'Oréal, na limetoka kwenye neno letu hilohilo. Je, linawafungia mlango? Si moja kwa moja, kwa sababu alama husajiliwa kwa madaraja. Mfumo unaotumika karibu kote, wa Nice, una madaraja 45: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Vipodozi viko daraja la 3. Nyinyi mko daraja la 9 (programu ya kupakua), la 42 (programu inayotumika kupitia intaneti), la 36 (malipo na mikopo), na la 35 kama mtatoa huduma yenyewe ya kutunza vitabu vya hesabu. Mwenye vipodozi anaweza asiwaguse. Hofu yangu ni kwamba neno linalodokeza usawa wa hesabu linatamaniwa na kila mtu wa fedha, kwa hiyo tegemeeni kukuta Mizani nyingine kwenye madaraja yenu hasa.

Na daraja la 36 msilisubirishe kwa sababu mikopo ni ya baadaye. Apple ya kompyuta na Apple Corps, kampuni ya bendi ya Beatles, walipatana mwaka 1981 kwamba kompyuta zisiingie kwenye muziki. Kompyuta zikaanza kutoa sauti, baadaye zikauza nyimbo, kesi zikarudi, na suluhu ya mwisho ikapatikana mwaka 2007. Mpaka mliouchora leo ndio utakaowabana mkikua.

Kutafuta: anzeni na hifadhidata ya alama ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu), inaitwa Global Brand Database, haina malipo. Kisha ingieni kwenye daftari la alama la kila nchi mtakayouza, maana si yote yamo humo. Msitafute herufi kwa herufi tu. Kwa Korongo tafuteni pia Corongo, Kolongo, Korong, Koronga. Badilisheni k na c na q, s na z, f na ph, i na y, r na l. Mchunguzi wa alama hulinganisha kwa macho, kwa sikio na kwa maana, kwa hiyo kugeuza herufi moja hakumdanganyi. Mkikuta jina linalokaribia, angalieni daraja, nchi, na kama liko hai au limekwisha muda. Hata lililokwisha, tazameni kama mwenyewe bado anauza, kwa sababu baadhi ya nchi zinalinda matumizi hata bila usajili.

---

sikio_la_jina

Mwenzangu hapo juu amemaliza upande wa karatasi. Mimi niseme upande wa mdomo, kwa sababu jina la programu ya maduka litasambaa kwa mtu kumwambia mtu, wala si kwa tangazo.

Korongo kwanza. Mmemwona ndege, lakini neno hilo lina maana ya pili: bonde lililochimbwa na maji, shimo refu. Mwenye duka atasikia kwamba fedha zake anaziweka kwenye korongo. Jina la kampuni inayoshika hesabu za watu halitakiwi kuwa na shimo ndani yake, hata nembo ipendeze vipi. Mimi ningelifuta leo.

Rahisoft litumeni kwa simu muone litakavyorudi. H ya katikati watu wengi huimeza, na mwisho wa neno wenye "ft" Kiswahili hakiutaki, kitaongeza irabu. Mtapata Raisoft, Raisofti, Rahisi Soft, na wapo watakaosikia "Rais". Jina moja, tahajia nne, na kila tahajia ni mteja aliyekosa programu yenu kwenye duka la programu.

KJM: wapo watakaozisoma herufi kwa Kiingereza, wapo watakaozisoma kwa Kiswahili, na hakuna atakayezikumbuka kesho yake. IBM ilijulikana kwanza kwa jina refu la International Business Machines tangu mwaka 1924, herufi zikaja kuzoeleka kwa sababu kampuni ilikuwa tayari kubwa. Halafu mmoja wenu akiondoka, herufi yake inabaki kwenye jina.

Kwa majina ya Kiswahili kuna sauti za kuangaliwa kuliko zote. Th na dh kwa wengi ni s na z. Thamani linatamkwa Samani, na hapo kampuni ya fedha imekuwa duka la meza na viti. Ng' yenye ritifaa (') inapotea kwenye anwani ya tovuti, kwa sababu kikoa hakipokei alama hiyo: Ng'ara inakuwa ngara, na anayesoma hatajua atamke ipi. R na l hupishana midomoni. Jina salama ni lile la silabi mbili hadi nne, konsonanti na irabu zikipokezana, lisilo na sauti hata moja ya hizo.

Jaribio la simu lifanyeni hivi. Tafuteni watu 10 wasioujua mradi. Mpigieni kila mmoja, asiwe mahali pa kimya, mseme mara moja tu ndani ya sentensi: "Nimepakua programu inaitwa fulani." Mwombeni akutumie kwa ujumbe jina alilolisikia. Kesho yake muulizeni tena bila kumkumbusha. Wakikosea zaidi ya wawili, na kila mmoja akikosea kwa njia yake, jina halishiki. Wakikosea wengi kwa namna moja, hiyo ni habari tofauti kabisa: tahajia yao ndiyo ya asili, ichukueni muiache yenu. Makosa ya sikio si kitu kidogo. Amazon mwaka 1994 ilisajiliwa kwanza kwa jina la Cadabra, na wakili akalisikia kwenye simu kama neno la Kiingereza la maiti. Likabadilishwa kabla halijafika kwa wateja.

Muliandike pia kwenye simu kadhaa za aina tofauti. Kama simu inalisahihisha lenyewe kuwa neno jingine, kila mteja anayewatangaza kwa ujumbe atatangaza kitu kingine. Litazameni kwa herufi ndogo tupu, kwa herufi kubwa tupu, na chini ya kialama cha programu ambapo simu nyingi hukata jina refu. Hesabu Rahisi Solusheni lina herufi na nafasi 23. Itaonekana "Hesabu Rahi" na vidoti.

Na kwa kuwa mnataka kuvuka mipaka, mpeni msemaji wa kila lugha mnayoilenga, na mumuulize lugha ya mtaani, si ya kamusi. Mitsubishi waliiuza Pajero kwa jina la Montero kwenye nchi za Kihispania, kwa sababu Pajero kule ni tusi. (Ile hadithi ya Chevrolet Nova kwamba haikuuzika Amerika ya Kusini kwa sababu "no va" ni "haiendi" si ya kweli, iacheni.)

---

rafu_ya_juu

Naomba nimtetee kidogo yule mwenzenu wa Hesabu Rahisi. Hoja yake ni sahihi, ameiweka tu mahali pasipofaa. Mtu asiyewajua lazima aelewe haraka mnauza nini. Lakini kazi hiyo ni ya maneno yanayokaa pembeni ya jina, jina lenyewe halina haja ya kuibeba.

Kwenye App Store jina la programu lina nafasi ya herufi 30 na chini yake kuna kichwa kidogo chenye herufi 30 nyingine. Google Play jina ni herufi 30. Wekeni jina lenu, nukta mbili, kisha "Hesabu za Duka". Anayetafuta neno "hesabu" atawapata, na jina linabaki huru. Mkiongeza mikopo mtabadilisha yale maneno ya pembeni kwa dakika tano, wakati kubadilisha jina la kampuni ni cheti, akaunti ya benki, mikataba, mihuri na wateja waliochanganyikiwa. Apple wenyewe waliondoa neno "Computer" kwenye jina la kampuni mwaka 2007, mwaka ule walioitambulisha iPhone.

Jina la kueleza linafaa kwa huduma ya mahali pamoja isiyokusudia kukua wala kusajili alama. Nyinyi si hao.

---

tovuti_salama

Mambo ya kikoa, maana hapa ndipo makampuni madogo hupoteza jina bila kushtakiwa na mtu.

Kikoa kinapokea herufi, tarakimu na kistari tu, hadi alama 63 kabla ya nukta. Herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja. Kistari kiepukeni: kwenye simu lazima umwambie mtu "kistari", na atakiacha. Tarakimu pia, kwa sababu hatajua kama aandike 2 au "mbili". Yaandikeni maneno mawili yakiwa yameshikana mkayasome kwa sauti, mara nyingi katikati huzuka neno la tatu ambalo hamkulikusudia.

.com ikikosekana msiue jina zuri kwa sababu hiyo. Kikoa cha nchi yenu au chenye neno "app" kinatosha kuanzia. Isipokuwa kama .com hiyo inatumiwa na mtu wa biashara ileile. Hapo barua pepe za wateja wenu zitakuwa zinaingia kwake kila siku, tafuteni jina jingine.

Kisajiliwe kwa jina la kampuni. Kosa linalorudiwa kila mara ni fundi wa tovuti kukisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Mkigombana naye, kisheria kikoa ni chake. Kosa la pili halionekani mpaka siku ya balaa: barua pepe ya usajili kuwa ndani ya kikoa hichohicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe inakufa nayo, na taarifa za kukihuisha zinatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Tumieni barua pepe ya nje inayofunguliwa na angalau wawili wenu. Washeni kufuli ya uhamisho (inayozuia kikoa kuhamishwa bila idhini yenu) na uthibitisho wa hatua mbili. Kadi inayolipia uhuishaji wa kila mwaka nayo ina tarehe ya kuisha, iandikeni kwenye kalenda.

Kama kampuni haijasajiliwa bado, andikianeni karatasi ya ukurasa mmoja: jina, kikoa, kurasa za mitandao na nembo ni mali ya kampuni itakayoundwa, na aliyevishika anavikabidhi. Mchora nembo naye asaini kwamba anahamisha haki zote, kwani kwenye nchi nyingi kulipa peke yake hakuhamishi hakimiliki.

---

kaunta_na_daftari

Nashukuru sana wakuu. Tumeondoa manne, na Mizani tumeiweka kando kwanza. Tumekaa jioni na kuorodhesha maneno ya vipimo na ya dukani, yakabaki mawili: Pishi na Kibaba. Kibaba tumelipenda mno kwa ile methali ya haba na haba. Jaribio la simu tumelifanya kwa watu 10, kenda wameliandika sawasawa. Swali la mpangilio bado halijajibiwa.

---

sikio_la_jina

Pishi litawapeleka jikoni, anayelisikia atafikiria mapishi kabla ya kipimo. Kibaba kwa sikio ni safi kabisa: silabi tatu, hakuna r wala l, na linadokeza kukusanya kidogokidogo bila kutaja hesabu. Kwa upande wangu limepita.

---

alama_na_sheria

Kwa upande wangu linakwama, na nasikitika kwa sababu ni neno zuri. Liandike chini ya Alibaba ulitazame. Herufi tano za mwisho, i-b-a-b-a, ni zilezile kwa mpangilio uleule, na silabi mbili za mwisho ni zilezile. Hao wako kwenye programu, biashara ya mtandaoni na malipo, yaani madaraja yenu yote. Kwamba maana ni tofauti ni hoja ya kweli, na mahali fulani mnaweza kushinda nayo, lakini kampuni ya watu watatu haina fedha za kuisubiri. Alama inayojulikana sana hulindwa kwa mapana kuliko ya kawaida.

Mpangilio sasa. Rudini kwenye orodha na msiridhike na majina mawili. Andikeni 80 au 100 bila kuhukumu: vipimo, vyombo vya dukani, vitendo vya kupanga na kuhesabu, viumbe, maneno ya kubuni kutokana na silabi za Kiswahili. Chujeni kwa sikio hadi 10. Hayo 10 yapitisheni kwenye injini ya utafutaji, maduka ya programu na hifadhidata za alama kwenye madaraja 9, 35, 36 na 42. Kwa kawaida yatabaki mawili au matatu. Hayo ndiyo ya jaribio la simu. Mlifanya mapema mno, ndiyo maana Kibaba linawauma. Moja likishinda, mlipieni mwanasheria wa alama alitafutie kwa undani hilo moja tu, gharama inakuwa ndogo kuliko kumpelekea kumi.

Akisema liko wazi, siku hiyohiyo nunueni kikoa, shikeni majina kwenye mitandao, hifadhini jina kwa msajili wa makampuni (uhifadhi una ukomo, ulizeni siku ngapi), na wasilisheni ombi la alama. Ombi la kwanza kwenye nchi mwanachama wa Mkataba wa Paris (ule wa kimataifa wa kulinda alama na uvumbuzi) linawapa miezi 6 ya kuomba kwenye nchi wanachama wengine kwa tarehe ileile ya kwanza, kwa hiyo hamna haja ya kulipia kote kwa pamoja. Alama ikisajiliwa, kwenye nchi nyingi inadumu miaka 10 na kuhuishwa bila ukomo. Nembo, mabango na fulana vinakuja baada ya hapo, si kabla.

Na jambo moja ambalo tulipaswa kuliandika mwanzo. Nchi nyingi humpa haki ya alama aliyetangulia kuwasilisha ombi, na kikoa ni cha aliyetangulia kulipa. Jukwaa hili linasomwa na yeyote. Majina yaliyoanguka hayana neno, ila yatakayofuata msiyaandike hapa. Tuandikieni aina ya neno na sauti mnazozihofia, tutawasaidia kwa hayo, na jina lenyewe mtuletee siku mtakapokuwa na namba ya ombi mkononi.